Sifuri na Kimya

Dzintra anatafuta bei.
Si ya samaki wala ya makaa. Bei ya ahadi:
hatifungani za serikali, asilimia sita, kuponi mbili kwa mwaka,
zilizouzwa Riga kabla bibi yake hajazaliwa.

Kampuni moja ya ng'ambo inasema inazo data zote,
kwa ada inayomeza miezi minne ya mshahara wa profesa.
Chuo kikaomba majaribio ya wiki mbili,
kikapewa moja, na safu zinaanzia mwaka wa tisini na nane.
Benki kuu ikajibu kwa adabu: tuandikie barua.
Akaandika. Tujazie fomu.
Akajaza. Fomu hiyo ilifutwa Machi.

Ndipo Haralds wa maktaba,
alaye mkate mweusi juu ya goti ili makombo yasiguse meza,
akamnong'oneza: ghala la chini, rafu ya mwisho,
madaftari ya soko, hayajapigwa picha hata siku moja.
Mtaka cha mvunguni. Naye akainama kweli,
magoti kwenye saruji, kofia ya sufu hadi nyusi,
akivuta majalada yenye harufu ya gundi na panya.

Ananakili kwa penseli, maana kalamu ni marufuku.
Tarehe. Bei ya mnunuzi. Bei ya muuzaji.
Hii ni moja au saba?
Nane ya karani huyu ina tumbo la tatu.
Anapumulia vidole, anaendelea.

Sisi tunasema dawa ya deni ni kulipa.
Dawa ya deni lililosahauliwa na pande zote mbili
hatukuitaja.

Novemba bei inateremka:
tisini na moja, themanini na nne, sabini,
kisha siku tatu za kistari kifupi, basi.
Usiku, chumbani, kompyuta haikipendi kistari.
Nijaze sifuri? inauliza.
Profesa Kalniņš anaandika kutoka nyumbani:
weka wastani wa kabla na baada, jedwali litulie.

Lakini pembeni mwa ukurasa aliona maneno,
madogo kama chawa, mkono uleule wa nane zenye tumbo:
"Wauzaji kumi na wanne. Mnunuzi hakuna.
Nimewasha taa saa tisa."

Sifuri ni bei; mtu angeweza kununua kwa sifuri.
Hawa walisimama tu, makoti yamelowa theluji,
kila mmoja na ahadi yake mfukoni,
wakimtazama karani, karani akitazama taa.

Anaziacha seli tatu wazi.
Tanbihi ya thelathini na moja: kumi na wanne.
Atahojiwa, anajua, na jibu hana bado.

Asubuhi Haralds anamfungulia mlango wa ghala
bila salamu, anamwekea kiti kifupi alichokitoa kwake.
Zimebaki siku mia sita na nne za soko,
na penseli nusu.