Kwako Inafanya Kazi

Mistari kumi na minne, kiraka hakizidi hapo.
Kimefika saa nne usiku, tramu ikikata kona
ya mtaa wa Štefánikova na glasi zikiijibu kabatini.
Nje Brno yote ni theluji.
Nimejifunga shali, chai imepoa. Nasoma.

Kazi yake ni ndogo, kazi ya mlinda geti:
ije anwani yoyote, imepotea njia au imechoka,
iambiwe, "Sogea mbele. Ukurasa unaanzia pale."
Maana kumbukumbu ya mashine haikaliwi ovyo.
Imekatwa kurasa, sawasawa, kama mkate wa kiwandani,
na kiini cha mfumo hakimpi mtu nusu kipande.

Unaongeza baiti elfu nne na tisini na tano,
kisha unafuta biti kumi na mbili za mkiani,
sifuri, sifuri, sifuri,
na anwani inatua mpakani, miguu pamoja.
Hesabu safi. Hata mimi huipenda.

Ila nani kamwambia Vojmír
kwamba kila ukurasa duniani una kimo kimoja?

Iko seva Ostrava, chini ya hospitali,
jirani na mashine za kufulia mashuka;
kurasa zake ni pana mara kumi na sita.
Huko anwani hii itashukia katikati ya ukurasa
kama mgeni aliyejilaza kitanda cha wenyewe.
Na hakuna king'ora. Ubaya uko hapo.
Itaandika juu ya jina la mgonjwa
herufi za mgonjwa mwingine,
polepole,
hadi siku ya siku.

"Kwangu inafanya kazi," ameongeza chini.
Naam, kijana. Kwako.

Naandika: "Hujui unachofanya." Nafuta.
Naandika: "Ulifundishwa na nani?" Nafuta.
Kwanza nijue ameitoa wapi tarakimu ile tupu,
isiyo na jina wala maelezo.
Nashuka ngazi za historia ya faili,
2019, 2011, 2006,
msimu ule Hynek akiota meno
nami nikibonyeza kibodi kwa mkono mmoja,
mwingine ukimpigapiga mgongoni.
Mstari wa mia mbili na saba.
Tarakimu ileile.
Sahihi: Bohdana Vrzalová.

Nyani haoni kundule;
afadhali faili lina kumbukumbu.

Nacheka peke yangu hadi paka anashuka dirishani.
Mashine zetu za enzi ile zilikuwa na ukurasa wa aina moja,
kosa likapata pa kulala, likaota ndevu,
likangoja mtu wa kuliazima kwa imani.

Naanza upya:
"Vojmír, mbegu hii niliipanda mimi, samahani.
Tuing'oe. Uulize mfumo ukubwa wa ukurasa, usikisie.
Halafu, anwani ikiwa ukingoni kabisa, juu,
ukiiongezea itapinduka irudi sifuri. Tazama hilo pia.
Majina ya vigeu ni mazuri."

(Si mazuri sana. Lakini ni usiku,
naye ana miaka ishirini na miwili.)

Saa saba. Magari ya kukwangua theluji yamepita,
kidole kipo juu ya kitufe cha kutuma.
Ngoja kwanza.
Mstari wa tisa, ile alama ya kutoa.
Hebu niusome tena.