Kidole cha Mwisho

Bibi Radi hakuwa wangu.
Alikuwa wa watu wa Dar, wa kijitabu cha katuni
kilichofika Mwanza kimechelewa wiki tatu,
ukurasa wa nyuma umeshafungiwa karanga.

Toleo la kumi na moja walimsukuma kutoka mnarani.
La kumi na mbili halikuja.
Nikamuuliza Lushinge muuza magazeti;
akasema, "Limeishia njiani, dada Ng'wasi, subiri."
Mtu yuko hewani, nisubiri?
Nikamdaka mwenyewe.

Nikamdaka kwa kidole, kwenye simu yenye ufa
uliokata kioo pembe kwa pembe,
hata kila nilichochora kilivuka mto kwanza.
Nikamwangushia Igogo, juu ya bati la jirani,
joho limenasa kwenye waya wa kuanikia.
Nikampa ndoo. Nikampa foleni ya bombani.
Nikamchora kakaa gizani na mshumaa,
yeye, mwenye radi kiganjani,
anasubiri umeme urudi.

Hiyo ndiyo iliyotembea.
Watu wasionijua wakacheka hadi Mombasa.
Mmoja akafoka: Bibi Radi hachoti maji!
Nikamjibu kwa picha: anachota,
na ndoo ya pili ni ya kwako.

Nilipandisha usiku wa manane, bando likishuka bei.
Wadudu wa ziwani walifuata mwanga,
wakatua kwenye uso wake kama madoa;
nikawa nafuta wino ambao si wino.
Chumba cha pili Mama anakohoa,
alfajiri ana dagaa wa kuanua Mwaloni.

Ndipo likaja neno kutoka kwa Shekiondo,
yeye aliyemzaa Bibi Radi:
"Mikono hii umejifunza wapi?"

Nikadhani ni kesi.
Nikafuta picha sita.
Nikarudisha nne.

Haikuwa kesi. Zilikuwa kurasa tisa,
mwisho wa mwezi, mchoraji wao anaumwa macho.
Mama akaweka ungo chini.
"Umechora mtu wa mwenzio, na mwenzio akulipe?
Mpe Bugumba akusomee maandishi madogo."
Bugumba akasoma, akakuna kichwa, akasema yapo mengi.
Nikatia sahihi.

Nisiwadanganye, kazi si mapenzi.
Nilimchora mara mia tatu, nikaichukia pua yake.
Zamani akianguka nilimdaka;
sasa nilipewa karatasi: *ukurasa wa nne, anaanguka*,
nami nikamwangusha, vizuri,
kwa pembe waliyoitaka.

Mhariri akaandika: "Punguza mawe.
Hakuna jiwe linalokaa juu ya jiwe namna hiyo."
Nikatoka mlangoni kwetu, Mabatini,
nikapiga picha mlima wote,
nyumba zimejishika kama kupe,
na lile jiwe juu, kubwa kuliko kanisa,
limesimama kwa ncha tangu kabla ya majina.
Nikatuma bila neno.
Kesho yake akajibu: "Yaache."

Kitabu kilikuja na basi, ndani ya bahasha ya kaki.
Jina langu liko chini, karibu na bei,
dogo kuliko bei.

Mama akajifuta mikono kwenye kanga,
akakifungua katikati kama anayepasua sato.
Maneno hakuyagusa.
Alisimama pale Bibi Radi anapoishika radi,
ukurasa mzima, mkono mmoja tu,
na kidole cha mwisho kimepinda kwa nje.

Akauinua wa kwake, akaulaza kando ya ule.
Kidole kile kile, tangu mwaka ule
ndoana ya sangara ilipokikata mshipa.
Mimi nilikuwa sijaliona hilo,
sijui nilianza lini kukichora.

Akanyamaza kidogo.
"Kumbe."
Kisha akanigeuzia kiganja, kikiwa wazi,
kinanuka dagaa:
"Na huyu mwenye kidole,
yeye analipwa lini?"