Niulize, Sista

Tunanong'ona.
Kitanda cha tatu kuna pepopunda:
Bwana Lyaruu, fundi wa mapaa, alikanyaga msumari wake mwenyewe kule Pasua,
na sasa kijiko kikigonga kikombe anakunjika kama upinde.
Kwa hiyo hata masomo yetu usiku huu ni ya mnong'ono.

Dokta Anaseli ananikabidhi kadi zake.
Amezikata kwa mkasi wa bandeji kutoka maboksi ya glovu,
amezifunga kwa kipande cha mpira wa dripu.
"Niulize, Sista Eliwaza. Jumatatu ndiyo hiyo."
Naziweka kando ya flaski ya kahawa, nachomoa moja kama mcheza karata.

Potasiamu saba. Moyo umeanza kuandika mwandiko mbaya.
Unaanza na nini?
"Kalsiamu, kuulinda moyo. Halafu insulini na glukosi."
Anajibu mbio, macho juu, kama mtoto wa kipaimara
aliyeambiwa mchungaji leo kaamka vibaya.

Shinikizo la damu limeanguka, mwili unachemka, mkojo hakuna.
"Damu ya kuotesha. Antibayotiki ndani ya saa moja. Maji."
Kiasi gani?
Kimya.
Namwona akiisaka hesabu dirishani,
ambako mchana hukaa Kibo na sasa kuna giza tu na tochi ya mlinzi.
Anaijua. Mwaka jana pia aliijua.
Watahini waliandika: anajua, ila anasitasita,
wakamrudisha Moshi na deni la saccos
na koti jeupe ambalo mama yake alilipiga pasi mara mbili.

Nimezeeka wodini humu. Nimewaona mabingwa
walipokuwa bado hawajui swichi ya taa iko wapi.
Basi naificha kadi, nauliza isiyoandikwa:
Mke wa Lyaruu yuko kwenye benchi la nje tangu jioni.
Ana mtori kwenye kikapu, ameufunga kwa kanga usipoe.
Anataka kujua amletee mumewe saa ngapi.
Unaanza na nini?

"Sista, hiyo haitoki."
Mimi nanywa kahawa.
"Namweleza kwamba mgonjwa analishwa kwa mrija, kwamba misuli..."
Umesimama au umekaa?
Anafungua mdomo, anaufunga.

Ndipo mashine ya kitanda cha tatu ikapiga yowe.

Kadi zote zikaenda sakafuni.
Sikumsikia akisema kwanza, sikumsikia akisema pili.
Alimtoa kwenye mashine, akashika puto, akampumulia kwa mkono wake.
"Mrija wa kufyonza," na ulikuwa tayari mkononi mwangu.
"Dayazepamu," taratibu,
na ute ukatoka, mzito kama uji wa ulezi uliolala,
kifua kikapanda, kikashuka, kikakubali.
Namba zikarudi mojamoja, kama kuku jioni.

Nikatazama saa: dakika nne.
Nilitaka kumwambia. Sikumwambia.
Sifa ya saa tisa usiku huchacha kabla ya Jumatatu.

Tukapiga magoti kuokota kadi chini ya kitanda.
Ya figo ilikuwa imelowa, wino umekimbia.
"Mililita thelathini kwa kila kilo," akasema akiwa hukohuko chini,
kama mtu aliyekumbuka alikoacha funguo.

Kisha akanawa.
Akachukua kiti cha plastiki, kiti changu mimi,
akatoka nacho hadi koridoni.
Kupitia kioo nilimwona akikiweka mbele ya benchi,
akikaa, magoti yake karibu yaguse kikapu.
Sikusikia alichosema.
Nilimwona mama akifungua kanga.

Nami nikasimama mpaka alfajiri,
naandika shinikizo, joto, mkojo,
miguu inaniuma, kadi za mtu mfukoni.