Hodi Tatu

Mkomani, saa nane usiku, umeme ndio umerudi.
Lali aandika amri, aongeza --skrini,
asahau kutaja ipi.
Kiigaji chaanguka. Tena chaanguka.

Kaseti za Shekuwe zililiwa na chumvi;
michezo yake imebaki humu tu.

Ashuka na msimbo hadi mstari wa mia nne na tisa:
hapa programu hupiga hodi,
haingoji mwenyeji,
huingia, hutumbukia kisimani.

Loo, adabu tu.
Hodi tatu, kimya, rudi ulikotoka.
Aandika: ukikuta patupu, uliza.

Ajaribu. Chaguo tupu vilevile.
"Skrini ipi?"
"Ile kubwa," ajibu kwa sauti,
na mamake juu darini:
"Wanena na nani saa hizi?"