Magazijuto

Kesho mtihani. Umeme umekatika Mwandiga nzima,
kibatari kinalinusa daftari langu kwa uchu.
Magazijuto, nakariri: mabano, gawanya,
zidisha, jumlisha, toa.
Mama anachuja mawese uani, anacheka:
"Kwangu mimi kutoa ndio mwanzo.
Toa ya kuni, toa ushuru, toa deni la Bitaliho."

Sehemu nazijua. Dumu likibaki theluthi
naujua mlio wake kabla sijaliinua.
Asilimia nimeikuta sokoni, ikipanda bila kuaga.
Ila namba hasi zimenitoa jasho mwaka mzima:
hasi mara hasi, chanya.
Kwa nini?

Mama anafuta mikono, vidole vyekundu.
"Bitaliho ananidai elfu sita. Akinifutia,
nimepata, sijapata?"

Nikanyamaza. Kibatari kikayumba.
Deni ni hasi. Kuliondoa, hasi ya pili.

Akanisukumia daftari, akarudi kwenye sufuria.
Sasa ukurasa wa ishirini na tatu
una dole gumba lake la mafuta;
mwanga unapenya hapo tu,
na swali linalofuata naliona,
kinyumenyume,
kabla sijafunua.