Jicho Lenye Ukuta

Saa tisa za usiku, Biloxi, nalipia kahawa
kwa sarafu zenye joto la mfukoni.
Muuzaji anauliza, "Mnakwenda tena?"
kana kwamba tunakwenda sokoni.
Namjibu tunakwenda kumpima shangazi.

Ndivyo ilivyo. Orodha ya majina imefika herufi ya tano
na kimbunga kinachozunguka Ghuba kinaitwa Ernestine,
sawa na shangazi yangu wa Pass Christian,
mkaanga kaa, mjane wa waume wawili,
aliyelisikia jina lake redioni akacheka hadi akakohoa.
Polisi wamegonga mlango. Jirani kapigilia mbao madirishani.
Padri amepiga simu. Naye yupo barazani:
"Nikimbie jina langu mwenyewe?
Niende wapi ambako haliniiti?"

Ndege yetu ni kuukuu, ya pangaboi nne,
inanuka mafuta, soksi,
na matapishi ya mwanahabari wa safari iliyopita.
Rubani Ladner anatafuna kijiti cha mdalasini.
Huong Pham, mtaalamu wa hewa, amevua pete:
vidole vyake huvimba akiogopa,
naye huogopa kila safari, mwaka wa kumi na mbili sasa,
na kila safari hupanda.
Mimi kazi yangu ni mwanzi wa karatasi, haufiki dhiraa;
tumboni una vipimo, kichwani mwavuli mdogo.
Naupakia, nasubiri neno, nauachia uanguke.

Tunaingia ubavu-ubavu, kama kaa,
pua inatazama kushoto, sisi tunakwenda mbele.
Mvua haipigi kioo; mvua ndiyo kioo.
Kikombe cha Ladner kinapaa, kinasita hewani
kama mtu aliyesahau alichotaka kusema,
kisha kinagonga dari.
Natafuta sala, napata orodha ya duka:
chumvi, limau, unga wa mahindi.
Huong anasoma upepo kwa sauti ya karani wa posta:
"Mia na ishirini. Mia thelathini na tano. Mia na..."
Ndege inaporomoka, nasi tunaporomoka ndani yake,
futi mia tisa bila ngazi.

Halafu kimya.

Husemwa macho hayana pazia. Hili lina ukuta:
weupe uliopinda kuelekea nje, safu juu ya safu,
kama uwanja wa mpira ambao watazamaji wameshaondoka,
na juu kabisa, buluu. Buluu ya sahani ya chai.
Chini, mawimbi hayana upande, yanagongana vichwa.
Ladner ananyoosha kijiti chake:
ndege.
Si sisi; wale wa manyoya,
weusi, mabawa marefu, thelathini au zaidi,
wanazunguka humo tangu Yukatani labda,
hawatoki, hawatui,
wanasafiri na kinachowafunga.

"Achia," anasema Huong.
Naachia.

Dakika nne na ushei mwanzi unaanguka
na kila nusu sekunde unatuma habari.
Mia tisa arobaini. Thelathini na mbili. Ishirini na sita.
Katika kazi hii pungufu ndiyo zaidi:
hewa ikipungua uzito, bahari huinua kichwa.
Mia tisa ishirini na moja.
Maji.

Huong analijua jina la shangazi. Hasemi kitu.
Anatuma namba nchi kavu, kisha anaandika
pembeni mwa mfuko wa kutapikia: Mpigie.

Nilipiga nikiwa bado na kofia kichwani, injini zikipoa.
"Shangazi, mia tisa ishirini na moja."
"Ndiyo nini hiyo? Bei?"
Nikatafuta maneno, sikuyaona.
Nikamweleza wale ndege weusi.
Akanyamaza kwa muda. Nikasikia mafuta yakichemka karaini,
kisha jiko likizimwa.
"Wanakula nini humo ndani?" akauliza.
Nikasema sijui.
"Hata nyinyi wenye mitambo hamjui?"
"Hatujui, shangazi."
"Basi ngoja nivae viatu."