Ala Inakumbuka

Gede Wirasana kaja na jambia kalivika kitambaa cha miraba,
nyeusi kwa nyeupe, kalipakata kama mtoto aliyetoka hospitali.
"Keris hii ina miaka mia nne," akasema kabla hajaketi.
Duka langu hapa Klungkung ni dogo. Miaka mingi hivyo ikiingia
inabidi mmoja wetu asogee.

Sikuanza na jicho. Pua kwanza.
Ndivyo alivyonifunza baba, Pande Regeg:
tindikali haina adabu, hata baada ya miezi sita
huacha kikohozi ndani ya chuma.
Hili lilinukia mafuta ya msandali,
na chini ya msandali, kitu kama sarafu iliyowekwa ulimini.

Nikahesabu mawimbi: kumi na moja. Witiri, kama ipasavyo.
Mghushi asiyejua hesabu hanisumbui.
Wanaonisumbua ni wale waliosoma.

Kisha kutu.
Wakati ni mlaji mwenye madeko:
hapa kamega, hapa karuka,
hapa karudi usiku kumalizia.
Tindikali hula kama askari kambini, sahani zote sawa.
Nikapitisha ukucha: vishimo vyote kina kimoja.
Na majambia ya Bali husuguliwa hadi yawe laini kama shavu;
nani alilitia hili ndui, tena usiku mmoja?

"Unaona?" akauliza Gede. Nikamwambia bado.

Maana michirizi ya nikeli ilikuwa ya kweli.
Niliifuata hadi ukingoni, ikapinda pamoja na chuma
kama mshipa unavyopinda na kiwiko.
Haikuchorwa juu. Ilikunjwa, ikapigwa,
ikakunjwa tena na mtu asiyekuwa na haraka.
Mwongo gani huyu, anayejichosha hivi?

Nikachomoa mpini.
Shina lilikuwa nene, halijawahi kuliwa na ndimu ya mtu,
na mistari ya tupa imelala yote upande mmoja,
kama mpunga baada ya upepo.
Mji huu mzima mhunzi mmoja tu alikuwa mashoto.
Alinifunza kunusa,
akafa akiwa na deni la maelezo.

Sikusema kitu. Nikaichukua ala.
Ala ilikuwa kongwe, hilo halina ubishi;
mti wake umekunywa mafuta ya babu na babu wa babu.
Ilikuwa na ufa. Nikaupanua kwa kijiti cha mwanzi, nikawasha tochi:
ndani, doa jeusi la kitu kilicholala humo karne kadhaa.
Nikahesabu mawimbi yake mara mbili.
Kumi na matatu.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

"Ulikwenda lini kusoma Surabaya?"
"Themanini na moja. Baba aliuza ng'ombe."
"Ng'ombe wangapi?"
Akafungua kinywa. Barabarani pikipiki ikapita, na nyingine,
na mtu akaita bei ya rambutani.
"Tulikuwa na mmoja," akasema. "Na sikumbuki asubuhi yoyote
ambayo hakuwepo zizini."

Mnunuzi anangoja cheti hotelini Sanur;
fedha zake zingemchoma mzee Wirasana kwa heshima,
kwa mnara wa ghorofa tano na ngoma za shaba.
Fomu yangu ina visanduku viwili tu: halisi, bandia.
Nimeitumia miaka ishirini bila kuona ilivyo fupi.

Gede analikunja tena jambia, polepole, pembe kwa pembe.
"Jumamosi ya Tumpek Landep," anauliza bila kunitazama,
"bado nilitolee sadaka?"
"Limelishwa miaka arobaini," nasema.
"Ukilinyima sasa litaona njaa."

Ameondoka, ala kaisahau mezani.
Nachukua kalamu. *Ala: miaka mia tatu, huenda na zaidi.*
*Jambia: 1981.*
*Mhunzi:*
na hapo wino unakauka, nami nautikisa,
nautikisa, kana kwamba tatizo ni wino.